Kucheza, kufundisha au kuongoza: jinsi ya kuomba nafasi kwenye tamasha la maigizo ya papo kwa papo

Kamati ya uteuzi ya tamasha la maigizo ya papo kwa papo, yaani yanayochezwa bila kuandikwa kabla, kazi yake kubwa ni kujaza ratiba. Ina jukwaa moja au mawili, siku chache, idadi fulani ya vitanda vya wageni, na saa za jioni ambazo lazima ziwe na mtu jukwaani. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali ya fomu yanajijibu yenyewe. Wanauliza mko wangapi kwa sababu ya vitanda. Wanauliza onyesho ni dakika ngapi kwa sababu ya saa. Wanauliza mnahitaji vifaa gani kwa sababu kundi litakalowafuata lina dakika tano tu za kupanga viti vyake. Ucheshi wenu watauona kwenye video. Kwenye maandishi wanataka kujua jambo moja: tukiwapa hawa saa mbili na robo usiku, siku ya Ijumaa, kitatokea nini hasa?

Swali hilo lina majibu matatu tofauti kwa nafasi tatu tofauti, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika ombi moja zuri, wanaweka alama kwenye visanduku vyote (mchezaji, mwalimu, mwongozaji), kisha wanasubiri. Mchezaji anapimwa kwa alichokwisha kufanya mbele ya watu. Mwalimu anapimwa kwa kitakachobaki kwa mwanafunzi baada ya warsha ya saa tatu. Mwongozaji anapimwa kwa anachoweza kufanya na watu wasiofahamiana, mchana mmoja, kabla ya taa kuwaka. Sifa za mmoja hazimsaidii mwingine kama unavyodhani. Wapo wachezaji hodari wasioweza kueleza zoezi, na wapo walimu wazuri ambao wakipewa kundi la wageni wanaligeuza onyesho kuwa darasa.

Kabla ya kujaza chochote, soma tangazo ujue tamasha lenyewe ni la namna gani. Yapo yanayochukua makundi kamili: kila kundi linapewa dakika 20 au 25, makundi matatu au manne yanafuatana jioni moja, na warsha ziko mchana. Na yapo yanayoalika mtu mmojammoja, kisha yanawachanganya: asubuhi warsha, mchana mazoezi, usiku onyesho la watu waliokutana juzi. Namna hii ya pili imezoeleka sana Ulaya. Kundi la watu saba likituma ombi lake kwa tamasha la mchanganyiko, linawapa wateuzi kazi ya kuwakatalia watu sita. Kila mmoja aombe kivyake, na mtaje kwenye fomu kwamba mnacheza pamoja.

Video

Video ndiyo ombi lenyewe. Mengine yote ni maelezo ya pembeni.

Masharti ya kawaida ni onyesho moja la hivi karibuni, mfululizo, bila kuhaririwa, likiwa na watu walewale watakaosafiri. Sharti la kutohariri lina maana yake. Katika sanaa hii kinachopimwa ni namna wachezaji wanavyojitoa shimoni: sini, yaani tukio moja la mchezo, imekwama, mmoja amesahau jina la mhusika, hadhira imepoa. Mkasi hukata sehemu hiyohiyo. Video ya dakika tatu yenye vicheko vilivyounganishwa inamwambia mteuzi kwamba mliwahi kuchekesha mara kumi, labda kwa mwaka mzima, na hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kamera iwe kwenye stendi, katikati ya ukumbi, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa. Fremu ichukue jukwaa lote mpaka pembeni wanaposimama wachezaji wanaosubiri. Msimfuate anayeongea. Mteuzi mzoefu humtazama zaidi asiyeongea: je, ameona kwamba mwenzake amepiga simu na hakuna wa kuipokea? Anaingia kuisaidia sini au kuiiba? Kamera inayokimbizana na midomo inaificha kazi hiyo yote.

Simu ya kawaida inatosha, ila fungeni mwanga. Gusa uso wa mchezaji kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka simu ioneshe imefunga fokasi na mwangaza. Ikiachwa ijipimie yenyewe itapima giza la ukumbi, na nyuso zitaungua kwa weupe, macho na mdomo visionekane. Iwekeni kwenye hali ya ndegeni isije ikaita katikati. Angalieni na nafasi iliyobaki: video ya 1080p hula takriban MB 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea simu na mpangilio wake, kwa hiyo nusu saa inaweza kukaribia GB 4. Wanaotumia kamera za picha wajue kwamba baadhi, hasa za zamani, hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59. Lazima awepo mtu karibu wa kubonyeza tena.

Kinachoua video nyingi zaidi ni sauti. Kamera ikiwa nyuma ya ukumbi, maiki yake iko karibu na wanaocheka kuliko wanaosema, kwa hiyo mteuzi anasikia mlipuko wa kicheko baada ya sentensi ambayo hakuisikia. Hakuna kitu kinachochosha hivyo. Wekeni simu ya pili au kinasa sauti ukingoni mwa jukwaa. Kabla ya onyesho mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja. Baadaye mtaoanisha rekodi mbili kwa mlio wa kofi na picha yake. Kuoanisha sauti hakuhesabiki kuwa ni kuhariri. Jihadharini pia na nyimbo. Fundi wa sauti akipiga wimbo unaojulikana, YouTube inaweza kuutambua na kuifungia video hiyo katika baadhi ya nchi, na mnaweza msijue kwa sababu kwenu inafunguka.

Kuhusu linki: video iwe haijaorodheshwa (unlisted), yaani mwenye linki tu ndiye anayeiona, isiwe ya faragha. Ifungue kwenye dirisha la siri la kivinjari, au kwenye simu ya mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti yako. Kama ina nenosiri, liandike palepale kwenye fomu. Wala usiifute siku ya mwisho ya kupokea maombi ikipita, maana hapo ndipo kamati inapoanza kutazama.

Mteuzi ataangalia dakika chache za mwanzo, kisha ataruka katikati. Ukiruhusiwa kuandika maelezo, mwonyeshe pa kurukia: «4:10, sini ya kwanza ya wawili. 17:30, wahusika wa mwanzo wanakutana.» Msimpeleke kwenye mzaha wenu mkubwa. Mpelekeni pale watu wawili wanaposikilizana, kwa sababu kicheko cha hadhira msiyoifahamu hakisafiri vizuri. Na kama mshereheshaji alisalimia kwa dakika sita kabla ya nyinyi kupanda, mwambieni mteuzi onyesho linaanza wapi.

Kama mnacheza kwa lugha ambayo wateuzi hawaijui, tafsiri ya maandishi chini ya picha kwa dakika tano au sita za mwanzo inatosha kuonyesha mnavyofikiri. Swali gumu litakuja baada ya hapo: mtachezaje mbele ya hadhira yao? Lijibuni kwenye fomu bila kusubiri kuulizwa. Labda mtatumia lugha ya tamasha, labda mwili na vitendo, labda lugha ya kubuni, ambayo imo katika mazoezi ya msingi tangu enzi za Viola Spolin, mwalimu Mmarekani wa michezo ya maigizo. «Tutaangalia tukifika» si jibu.

Maneno hamsini

Karibu kila fomu ina kisanduku cha maelezo mafupi ya onyesho, na mara nyingi maneno hayohayo ndiyo yatakayochapishwa kwenye kipeperushi. Tazama maelezo haya:

«Kundi letu lenye nguvu, ubunifu na vipaji vya kipekee litawavunja mbavu kwa safari ya vicheko isiyotabirika, ambapo lolote linaweza kutokea!»

Hakuna neno hapo lisilofaa kwa kila kundi lililoomba. Na haya:

«Watu wawili, viti viwili, dakika 25. Hadhira inataja kazi ambayo hakuna anayeitaka. Tunaigiza siku moja ya kazi hiyo, alfajiri hadi usiku, bila kuruka saa hata moja.»

Kutokana na maelezo ya pili mteuzi anajua vitanda viwili, viti viwili, hakuna maiki, na anaweza kuyapanga baada ya kundi la nyimbo lenye watu wanane bila kuhofia jioni ifanane. Maelezo ya kwanza yanamlazimu atume barua pepe ya kuuliza. Akiwa na maombi mia mbele yake hataituma.

Muda unaouomba uendane na muundo. Chukua Harold, muundo wa onyesho refu ambao mwalimu Del Close aliueneza kutoka Chicago. Kwa umbo lake la darasani una ufunguzi, sini tatu zinazorudi mara tatu, na michezo miwili ya kundi katikati. Hivyo ni vipande 12. Kwenye nafasi ya dakika 20, kila kipande kinabaki na dakika moja na sekunde 40, na hapo bado hamjasalimia wala kuiomba hadhira pendekezo la kuanzia. Makundi huliona hilo yakiwa tayari jukwaani, fundi wa taa akiwashia taa ya onyo huku duru ya tatu haijaanza. Kama tamasha linatoa dakika 20, punguzeni sini au leteni muundo mwingine. Andikeni kabisa kwamba mmeukata ufae muda huo: ni sentensi moja, na inaonyesha mmesoma tangazo.

Idadi ya watu nayo iandikwe kwa ukweli. Kundi la wanane likija watano, vyumba vitatu vimelipiwa bure na jina lenu litakumbukwa kwa hilo. Kwa mchezaji anayeomba peke yake, kisanduku cha «unaleta nini?» hakitaki «mimi ni msikilizaji mzuri». Andika kinachoonekana jukwaani: unapiga kinanda, unaimba kwa kubuni, umezoea sini ndefu za polepole, unacheza kwa lugha mbili, unaweza kukaa kwenye meza ya taa usiku usiocheza. Hicho cha mwisho kinathaminiwa kuliko wengi wanavyojua. Fundi wa taa anayejua sini imeisha kabla wachezaji hawajajua ni nusu ya onyesho, na matamasha huwa hayana wa kutosha.

Kufundisha

Ombi la warsha husomwa na watu wawili: mteuzi, kisha mwanafunzi anayetaka kulipa. Kichwa kimweleze mwanafunzi atafanya nini. Sentensi ya kwanza itaje uwezo mmoja tu atakaoondoka nao, na iwe kitu ambacho mtu wa nje angeweza kukiona: «Utaweza kuanza sini bila kuuliza swali hata moja.» Ukiandika kwamba atajiamini na kuachilia ubunifu wake, umeandika warsha ya kila mtu.

Kiwango kisiwe «wote». Mwanafunzi wa wiki ya pili na mchezaji wa miaka kumi wakikutana, mmoja anaogopa na mwingine anachoka, na mwalimu anashinda akiziba pengo. Eleza kiwango kwa tendo, kwa mfano: awe ameshacheza mbele ya hadhira, awe anaweza kubeba sini ya dakika tatu bila kusaidiwa.

Kisha fanya hesabu, kwa sababu mteuzi aliyewahi kufundisha ataifanya. Una watu 16 na saa tatu. Wakicheza wawiliwawili ni jozi nane. Sini ya dakika tatu kwa kila jozi ni dakika 24. Maoni ya dakika mbili kwa kila jozi ni 16. Duru moja imekula dakika 40. Toa dakika 30 za kujuana na kupasha mwili, na 10 za mapumziko, umebaki na 140: duru tatu, na dakika 20 za maswali. Pendekezo lenye mazoezi tisa kwa watu 16 linasema wazi kwamba mwandishi hajawahi kulifundisha lote. Ama punguza watu hadi 12, ama chagua mazoezi matatu na ueleze kwa nini yanafuatana hivyo.

Mazoezi yana wenyewe. Ukifundisha hadhi, yaani nani yuko juu na nani yuko chini ndani ya sini, wateuzi wanajua inatoka kwa Keith Johnstone, mwalimu maarufu wa sanaa hii, na kutomtaja hakukufanyi mbunifu. Mtaje, kisha useme wewe umeipeleka wapi. Taja pia kama kuna kugusana, kulala sakafuni, kukimbia au mada nzito, na utakavyowauliza watu mipaka yao mwanzoni. Matamasha mengi sasa yana kanuni za mwenendo zilizoandikwa. Zisome kabla ya kuandika sehemu hiyo.

Ukiweza, ambatisha video ya dakika tano ukiwa unafundisha, kwa ridhaa ya wanafunzi. Wateuzi wanataka kusikia unavyosema na mtu ambaye zoezi limemshinda.

Kuongoza

Hii ndiyo nafasi yenye ushindani mkali na maombi dhaifu kuliko zote. Sababu ni kwamba watu hutuma wazo («filamu ya kijasusi ya papo kwa papo!») badala ya onyesho. Wazo ni la bure. Anachonunua mteuzi ni uhakika kwamba watu sita kutoka nchi nne, wenye mazoezi ya saa tatu, watalisimamisha bila kuaibika.

Pendekezo linalosomeka lina mifupa inayoonekana. Kwa mfano: wachezaji sita, mwanamuziki mmoja, dakika 50. Hadhira inachagua nyumba ni ya nani. Kila sini inatokea ndani ya chumba kimoja cha nyumba hiyo, na hakuna anayetoka nje mpaka dakika ya 40. Mwongozaji anakaa pembeni na ana kazi moja tu, kutaja chumba na saa. Mlango wa nje ukifunguliwa, taa zinazimwa. Mchezaji wa sita akiugua, wanacheza watano. Hakuna nafasi maalumu ya kujaza.

Ona kilichomo: mwanzo, sheria, nani anakata sini, mwisho, na mpango wa dharura. Sheria zisizidi tatu. Mchezaji mgeni anayekumbuka sheria sita anacheza akiwa na macho ya mtu anayefanya mtihani, na hadhira inaliona hilo mpaka safu ya nyuma.

Ambatisha mpango wa mazoezi. Kwa saa tatu, mgawanyo huu hufanya kazi: dakika 30 za kucheza bila muundo wowote, mwongozaji akitazama nani ni nani, 10 za kueleza muundo, 60 za kufanyia kazi mabadiliko ya sini peke yake, 10 za mapumziko, 40 za kupitisha onyesho fupi, 20 na fundi wa taa na mwanamuziki, 10 za kuingia, kutoka na kuinama mwisho. Wengi huzitumia zile 60 kujadili dhamira ya onyesho. Mambo yanapoharibika usiku, huharibika kwenye mabadiliko: sini imeisha, kila mtu anasubiri mwenzake, jukwaa liko wazi kwa sekunde nne ambazo zinahisiwa kama dakika.

Sema pia kama unaongoza kutoka ndani au kutoka pembeni. Katika Maestro, muundo wa mashindano, waongozaji wa onyesho huketi kando, huwapa wachezaji sini na kuwasukuma kwa maneno, huku hadhira ikitoa alama 1 hadi 5 na wachezaji wakipungua mpaka abaki mmoja. Hiyo ni stadi yake. Anayejua kuongoza mazoezini tu huwa ananyamaza pale anapopaswa kukata, au anakata kila kitu. Na kabla ya kupendekeza Maestro, Gorilla Theatre au Theatresports, ambayo mizizi yake iko Calgary, Kanada, kwenye kundi la maigizo la Loose Moose lililoanza 1977, jua kwamba miundo hiyo ya Johnstone hutolewa kwa leseni na International Theatresports Institute. Uliza kama tamasha linayo. Harold haina leseni.

Pesa na viza

Uliza kabla ya kukubali, kwa barua pepe moja: nauli ni ya nani, malazi ni hoteli au nyumbani kwa mwenyeji, kuna posho, na warsha inalipwa kwa kichwa au kwa jumla. Kama ni kwa kichwa, uliza inafutwa ikiwa na wanafunzi wangapi na utaambiwa lini. Hakuna tamasha la maana litakaloudhika.

Viza ndiyo inayowaangusha wanaotoka mbali, na karibu kila mara ni suala la tarehe. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kuvutwa hadi 45. Jumlisha na muda wa kupata miadi, utaona kwamba jibu la tamasha linalokuja wiki tano kabla limeshachelewa. Andika kwenye fomu, mahali pa maelezo ya ziada: «Tunahitaji viza; tutaomba jibu na barua ya mwaliko kufikia tarehe fulani.» Kamati zilizozoea wageni huwajibu watu hao kwanza. Barua iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, mahali, utakachofanya, nani analipa nini, na saini ya mtu anayepatikana kwa simu. Malipo yakiwemo, yatajwe. Kuingia kama mtalii kisha kulipwa kwa kufundisha ni kosa katika nchi nyingi, na ofisa wa mpakani anaweza kutafuta jina lako kwenye programu ya tamasha akiwa amekusimamisha hapo dirishani.

Mkikubaliwa, thibitisheni ndani ya siku walizotaja na mtume karatasi ya ufundi yenye ukurasa mmoja: viti vingapi, maiki ngapi, muziki upo au hapana, nani anazima taa ya mwisho na kwa ishara gani. Mkikataliwa, mara nyingi sababu ni kundi jingine la watu wawili lililoombwa mapema usiku uleule. Mwaka ujao tumeni tena, kwa video mpya. Mkiwekwa kwenye orodha ya akiba, jibuni siku hiyohiyo kwa sentensi mbili: wangapi mnaweza kuja, na mnahitaji taarifa ya siku ngapi. Makundi hujitoa dakika za mwisho, na anayepigiwa simu kwanza ni yule ambaye kamati haihitaji kumuuliza chochote.